Kwa Nini Meli ya Chuma Haizami?

Siku moja darasani kwetu Mkiwa tulikuwa tunasoma somo la usafiri. Tulisoma neno "meli". Mzee mmoja akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, mimi nina swali. Msumari nikiutia kwenye ndoo unazama. Shoka likidondoka lamboni linazama. Sasa meli ni chuma kitupu, tena kikubwa kuliko nyumba hii. Mbona haizami?"

Darasa zima likacheka, lakini swali lilikuwa zuri. Kusema kweli, na mimi siku ile sikulijibu vizuri. Nilisema tu kwamba meli ina hewa ndani. Mzee akaniangalia kama mtu aliyepunjwa sokoni. Basi leo nataka kulijibu sawasawa, kwa sababu swali hili linahusu uhai wa watu. Hapa kwetu hakuna ziwa la meli, lakini watoto wetu wanapita na basi kwenda Mwanza kila siku. Wengine wanavuka kwenda Ukerewe kununua samaki na kuuza vitunguu.

Chukua beseni, lijaze maji. Tia msumari, utazama. Sasa chukua sufuria, iweke juu ya maji. Sufuria ni nzito kuliko msumari mara nyingi, lakini inaelea. Ibonyeze kwa mkono. Unaona maji yanakusukuma? Kadiri unavyoibonyeza ndivyo maji yanavyosukuma kwa nguvu zaidi. Sufuria ikiingia majini inayaondoa maji mahali pake, na maji yale yanataka kurudi. Msumari ni mwembamba, unaondoa maji kidogo sana, matone machache tu. Uzito wa matone hayo ni mdogo kuliko uzito wa msumari, kwa hiyo unashindwa. Jambo hili liligunduliwa na Myunani mmoja aliyeitwa Archimedes zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: kitu kikiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa.

Tufanye hesabu kidogo. Debe moja la lita 20 likijaa maji, maji yale yana uzito wa kilo 20. Sasa tuseme fundi ametengeneza sanduku la bati nene, upana mita 1, urefu mita 1, kwenda juu mita 1. Sanduku hilo linachukua maji madebe 50, yaani kilo 1,000. Tuseme sanduku lenyewe tupu lina kilo 300. Ukiliweka ziwani litaingia majini sentimita 30, kisha litatulia. Ukipakia magunia 5 ya mahindi ya kilo 100, uzito utakuwa kilo 800. Litaingia sentimita 80, na ubavu utakaobaki juu ya maji ni sentimita 20 tu. Ongeza magunia 2 mengine. Sasa ni kilo 1,000, na maji yako sawa na ukingo. Mtoto akitupa ndizi moja tu humo ndani, maji yanaingia na safari imekwisha. Na hapo nimesema magunia ya kilo 100. Sijasema lumbesa.

Mtu anayebuni umbo la meli anaanza na hesabu kama hii, ila yake ni ndefu. Anajiuliza: chombo kitakuwa na uzito gani, kitabeba nini, kitaingia majini kiasi gani, na ubavu utakaobaki juu utatosha siku ya mawimbi?

Mafundi wa pwani yetu walijua haya zamani sana, wala hawakuwa na karatasi ya michoro. Kitabu kimoja cha mabaharia wa Kiyunani, cha karibu miaka 2,000 iliyopita, kinasema watu wa pwani hii walikuwa na vyombo vya mbao zilizoshonwa. Chombo cha namna hiyo kilichodumu kwa muda mrefu kiliitwa mtepe. Kilitengenezwa hasa upande wa Lamu. Mtepe haukuwa na msumari. Mbao zilitobolewa, zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Chombo kilichoshonwa hujipinda kidogo kikigonga mchanga, hakipasuki upesi. Ila kilivuja, na watu walikuwa na kazi ya kuteka maji kila mara.

Baadaye jahazi lilienea, na lenyewe lina misumari. Fundi huanza na mkuku, yaani lile gogo refu la chini ambalo ni kama uti wa mgongo. Kisha husimamisha mataruma, ambayo ni mbavu zake. Kisha mbao. Katikati ya mbao na mbao hutia kalafati, yaani pamba iliyopakwa mafuta, ili maji yasipenye. Chini hupaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Vipimo vyote viko kichwani na machoni pake.

Halafu kuna farumi. Jahazi likiwa halina shehena, mabaharia hulitia mawe au mchanga chini kabisa. Mgeni wa bara anashangaa: kwa nini kubeba mawe bure? Hapo ndipo penye siri ya pili ya ubunifu wa meli, na mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza. Kuelea peke yake hakutoshi. Chombo kinatakiwa kielee kikiwa kimesimama wima.

Wewe mkulima siri hii unaijua, ila hukujua kuwa unaijua. Umepakia mkokoteni magunia ya alizeti. Ukiyalaza chini, unapita kwenye bonde salama. Ukiyapanga matatu kwenda juu, gurudumu likipanda jiwe dogo tu, mkokoteni unalala. Magunia ni yale yale na ng'ombe ni wale wale. Kilichobadilika ni mahali uzito ulipo. Uzito ukiwa chini, chombo kikiinamishwa na wimbi kinarudi chenyewe. Uzito ukiwa juu, kikiinama kinaendelea kuinama. Ndiyo maana ya farumi. Watu wa pwani wana neno la chombo kinachoyumba ubavu kwa ubavu: husema kinakwenda mrama. Sisi tunalitumia tukisema mambo yamekwenda mrama, wala hatukumbuki kuwa neno hilo limetoka baharini.

Ngalawa nayo imepata dawa yake. Ni gogo lililochongwa, jembamba mno, lingepinduka mara moja. Kwa hiyo mafundi huifunga miti miwili ya kukingama, na kila mwisho wa miti huweka ubao unaogusa maji. Ni kama mtu anayetembea na magongo mawili.

Sasa tuje kwenye chuma. Mfano mzuri uko hapa hapa nchini, na ulipita karibu na kwetu. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli katika mji wa Papenburg, kwenye kiwanda cha Meyer. Waliipa jina Graf von Götzen. Walipokwisha kuiunganisha waliifungua tena kipande kwa kipande, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalikuja kwa meli nyingine hadi Dar es Salaam, kisha yakapanda reli ya kati kwenda Kigoma. Reli hiyo ndiyo inayopita Manyoni na Itigi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, meli yenye urefu wa mita 71 hivi ilipita katika nchi yetu kavu hii, ikiwa ndani ya masanduku! Mafundi watatu kutoka Papenburg walikuja kuiunga, pamoja na vibarua wengi Waafrika waliopiga ribiti, yaani ile misumari minene ya kuunga mabati. Ilishushwa majini mwaka 1915.

Vita vilipowazidi Wajerumani, mwezi Julai 1916, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza walizipaka mashine grisi nyingi, maana walitumaini kurudi. Waliorudi ni wengine. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la Ziwa Tanganyika. Ilibeba abiria na dagaa kwa zaidi ya miaka 80 baada ya hapo. Mashine ya mvuke ilitolewa katika miaka ya 1970 ikawekwa ya dizeli, lakini mwili ulibaki ule ule.

Meli kama hiyo haiwezi kuundwa kwa vipimo vya kichwani. Kila kipande kilichorwa kwenye karatasi na kupewa alama, la sivyo nani angejua sanduku la 3,000 linaungana na lipi? Kazi ya michoro ilikuwa imeendelea sana Ulaya. Mwingereza William Froude alijenga bwawa refu la majaribio mjini Torquay mwaka 1872. Alivuta vijimeli vidogo humo, apate kujua meli kubwa itahitaji nguvu kiasi gani. Siku hizi wabunifu hutumia kompyuta kwanza, lakini bwawa na kijimeli bado vipo.

Sasa nirudi kwenye uhai wa watu. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu nilipanda kivuko kimoja. Tulipokaribia ng'ambo, watu wote walisimama wakasogea upande wa kutokea, na mimi nikiwemo na begi langu. Nikahisi sakafu inateremka chini ya miguu. Mama mmoja mtu mzima akapiga kelele, "Wanangu, rudini! Rudini nyuma!" Tukarudi, tukashuka salama. Wakati ule niliona ni mama mwoga. Leo namshukuru.

Mwaka 1996, tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba watu 430. Waliokufa, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, ni zaidi ya 800. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Angalia hesabu hizo mbili. Waliokufa peke yao ni wengi kuliko idadi iliyoruhusiwa. Na watu si kama magunia. Gunia ukiliweka linakaa. Mtu anasimama, anakimbilia kuona ndugu yake gatini, na wenzake mia wanamfuata. Mzigo wote umehamia ubavu mmoja kwa mara moja.

Maji ndani ya chombo nayo hufanya hivyo hivyo. Beba sinia lenye maji, uliinamishe kidogo. Maji yote yanakimbilia upande ulioinama, na sinia linazidi kukulemea.

MV Bukoba ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo likiwa juu, na kulikuwa na watu hai ndani. Waokoaji walitoboa bati ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa kishindo, maji yakapanda, meli ikazama. Fanya jaribio hili: pindua kikombe ukizamishe kimepinduka hivyo hivyo. Maji hayajai ndani, kwa sababu hewa imeyazuia. Sasa fikiri kikombe hicho kina tundu kwenye kitako. Mzee wangu wa darasani, jibu langu la hewa halikuwa uongo, ila lilikuwa nusu ya jibu.

Meli kubwa zina alama ubavuni ya kuonyesha mwisho wa kupakia. Ni duara lililokatwa na mstari. Huitwa alama ya Plimsoll, kwa jina la mbunge Mwingereza Samuel Plimsoll, aliyepigania mabaharia hadi sheria ikapitishwa mwaka 1876. Wenye meli wa wakati ule walikuwa wakijaza vyombo kupita kiasi, huku wamevikatia bima. Chombo kikizama wao hawapati hasara. Meli za baharini huwa na mistari kadhaa, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi na yanainua zaidi. Mita moja ya maji ya bahari, pande zote, ina kilo 1,025 hivi. Ya maji baridi ni kilo 1,000. Ukitaka kuona, tia yai bichi katika maji ya kisima, litazama. Ongeza chumvi vijiko vingi ukikoroga, litapanda. Wanaokwenda mjini wanaweza kujaribu kwa maji ya Ziwa Singida, ambayo yana chumvi, waone wenyewe.

Vyombo vipya vimekuwa vikubwa. Meli ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, ina urefu wa mita 92 na nusu hivi, na imebuniwa kubeba abiria 1,200. Ukaguzi wa vyombo vya majini bara unafanywa na TASAC. Kwenye chombo kilichokaguliwa utakuta idadi ya abiria imeandikwa. Hapo ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Isome. Kisha tazama watu waliopo, na mizigo imewekwa wapi, chini au juu. Uliza jaketi la kujiokolea liko wapi, ulivae ujue kamba zake kabla ya safari, siyo wakati maji yameshaingia. Kama idadi imepita, shuka usubiri kivuko kingine, hata kama nauli umekwisha lipa na wenzako wanakucheka kuwa ni mtu wa bara asiyezoea maji.

Jumatano ijayo darasani tutaleta beseni, sufuria, kikombe na mayai mawili. Mzee wa swali amesema mayai ataleta yeye, lakini baada ya somo anayarudisha nyumbani.