Kocha mukubwa akienda ku iniversite, kombe inamufuata?

Siku ya 1 Septemba 2025, uwanja wa Kenan mu Chapel Hill, jimbo la North Carolina kule Marekani, ulijaa kabisa. Michael Jordan alikuwa pale, yeye mwenye alichezea basket ku iniversite hiyo wakati wa ujana wake. Lakini siku ile watu hawakukuja juu ya basket. Walikuja kumuona Bill Belichick, muzee wa miaka 73, kocha mwenye alishinda Super Bowl mara 6 na New England Patriots, akiongoza ekipe ya wanafunzi kwa mara ya kwanza. Ekipe yake njo ilifunga ya kwanza, uwanja ukalipuka. Kisha wageni, Texas Christian, wakapata pointi 41 mufululizo. Mechi ikaisha 48 kwa 14, na mashabiki wengi walishaondoka zamani.

Mupira wenye kuzungumuziwa hapa si ule wa Mazembe na Vita Club. Ni mupira wa Wamarekani, wa kushika na mikono na kusukumana. Kwetu wachache njo wanaufuata, lakini Wakongomani wenye wamehamia kule wanajua namna inapita: siku ya posho ekipe ya iniversite ikicheza, muji muzima unasimama. Uwanja wa iniversite ya Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Uwanja wa Martyrs wa Kinshasa haufike pale.

Sasa, kwa nini kocha wa ekipe za kulipwa anaenda kufundisha wanafunzi? Ya kwanza ni feza. North Carolina walimupa Belichick kontra ya miaka 5, dola milioni 10 kila mwaka. Ya pili, kule juu, mu NFL, kuko ekipe 32 tu. Kocha akifukuzwa, ao akiachana na mwenye ekipe kama Belichick na Patriots mwanzoni mwa 2024, milango inakuwa michache. Iniversite nazo ziko zaidi ya 130 mu kundi la juu, na kila moja iko na mashabiki wenye kuota kombe.

Ndoto yao haikukuwa ya upumbavu. Tangu Julai 2021, wanafunzi wanaruhusiwa kupata feza kupitia majina yao. Tangu 1 Julai 2025, iniversite yenyewe inaweza kuwalipa moja kwa moja, karibu dola milioni 20 na nusu kwa mwaka, michezo yote pamoja. Muchezaji naye anaweza kuhama ekipe bila kukaa nje musimu muzima. Kwa hiyo watu wakasema: kama mupira wa wanafunzi umekuwa sawa na ule wa kulipwa, nani anaweza kuuongoza kupita bingwa wa kule? Watu wa Belichick wenyewe walisema wanajenga ekipe ya 33 ya NFL.

Lakini kuko kitu kimoja chenye hakijabadilika. Mu NFL, wachezaji wapya wanagawanywa: ekipe yenye ilifanya vibaya mwaka uliopita inachagua ya kwanza, na muchezaji hana la kusema. Ni vile Tshimanga Biakabutuka, muzaliwa wa Kinshasa, kisha kuchezea Michigan, alichukuliwa na Carolina Panthers mu 1996. Hakuna kocha mwenye alienda kubembeleza wazazi wake ili akubali kuja. Ku iniversite ni kinyume. Kijana wa miaka 17 njo anachagua, pamoja na mama yake, na sasa pamoja na mutu wake wa kuzungumuza bei. Kocha anapaswa kupiga simu, kusafiri, kukaa mu salon ya watu na kuwasadikisha. Tena wachezaji wanaondoka kila mwaka, kazi inaanza upya. Na kuko kanuni: masaa ya mazoezi hayapite 20 kwa juma wakati wa musimu, sababu kijana anapaswa kusoma. Kocha mwenye alizoea kukaa na watu wazima siku nzima mbele ya video, hapo anajikuta mikono imefungwa.

Ndiyo sababu medali za NFL hazitabiri kitu. Nick Saban alikaa na Miami Dolphins misimu 2 tu, 2005 na 2006, akapoteza mechi 17 na kushinda 15. Kisha akaenda Alabama na kushinda kombe ya nchi mara 6. Yeye mbele ya Miami alishashinda kombe na iniversite ya Louisiana State. Kazi ya kutafuta vijana aliijua. Pete Carroll alifukuzwa na Jets, akafukuzwa na Patriots, lakini mu Southern California akawa mufalme (hata kama kombe moja walinyanganywa kisha, juu ya zawadi zenye hazikuruhusiwa).

Charlie Weis naye alitoka Patriots na medali 3 za musaidizi. Notre Dame wakafurahi sana, hata mu musimu wake wa kwanza wakamuongezea kontra ya miaka 10. Mwaka wa tatu alishinda mechi 3, akapoteza 9. Mu 2009 wakamufukuza, na iniversite ikaendelea kumulipa kwa miaka mingi wakati hata hayuko pale. Mushabiki mwenye kulipa tiketi, na muzazi mwenye kulipa masomo, wanaweza kujiuliza juu ya hesabu ya namna hiyo.

Hata kwa wenye walifaulu, uvumilivu ulihitajika. Jim Harbaugh alitoka San Francisco 49ers kuja Michigan, ekipe yake ya ujana. Mechi zake 5 za kwanza na Ohio State, adui mukubwa, alipoteza zote. Kombe ilikuja Januari 2024, kisha misimu 9, na mara moja akarudia NFL.

Belichick yeye alileta karibu wachezaji wapya 70 kwa mara moja. Musimu wa 2025 uliisha na ushindi 4 na kupoteza 8. Si zote zilikuwa aibu: na Virginia walipoteza kwa pointi moja, 17 kwa 16, mu muda wa kuongeza. Mwaka ule ule kombe ya nchi ilienda Indiana, ekipe yenye watu walizoea kucheka, bila kupoteza hata mechi moja. Kocha wao, Curt Cignetti, hajawahi kufundisha mu NFL. Zamani alikuwa musaidizi wa Saban kule Alabama, na alikuwa pia na kazi ya kutafuta vijana.

North Carolina wenyewe, mara ya mwisho kushinda shampiona ya kundi lao ilikuwa 1980. Kombe ya nchi nzima, hawajaishika hata siku moja.