Kwa nini rangi ya jani kwenye simu huweza kukudanganya

Siku hizi mkulima wa Kilolo au Rungwe akiona mahindi yamebadilika rangi, hupiga picha na kumtumia bwana shamba kwa WhatsApp. Ni jambo zuri, linaokoa nauli na muda. Lakini rangi hiyo ndiyo inayoamua anunue mbolea gani. Jani la chini likianza kuwa njano kutoka nchani na kufuata uti wa kati, mara nyingi mahindi yana upungufu wa naitrojeni, na hapo huhitajika mbolea ya kukuzia kama Urea. Miche michanga ikiwa na rangi ya zambarau, huenda fosforasi ni pungufu, ingawa hata baridi ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini huweza kuleta rangi hiyo. Simu ikibadilisha rangi, ushauri unapotoka na fedha ya mbolea inapotea.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na nini cha kufanya.

Rangi tatu tu

Kioo cha simu kina nukta ndogo mno za mwanga za rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Hakuna nukta ya njano. Njano unayoiona ni nyekundu na kijani zikiwaka pamoja. Weka tone dogo sana la maji juu ya kioo kinachowaka, na huenda ukaziona nukta hizo.

Rangi tatu zinatosha kwa sababu jicho la binadamu nalo hupokea rangi kwa aina tatu za chembe hai. Mwanasayansi wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alilionyesha jambo hilo mwaka 1861 kwa kuunganisha picha tatu zilizopigwa kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na bluu. Kioo cha simu, basi, kimetengenezwa kulifuata jicho.

Hata ukubwa wa picha hupunguzwa kwa kulifuata jicho. Mtindo wa JPEG, unaotumika tangu mwaka 1992, hutupa sehemu ya taarifa za rangi, kwa kuwa jicho huona vizuri zaidi tofauti ya mwanga na giza kuliko tofauti ndogo za rangi. Picha inakuwa nyepesi na bando halimalizwi haraka. Lakini doa dogo la ugonjwa linaweza kufifia humo.

Ubongo hurekebisha, simu hubahatisha

Shati jeupe tunaliona jeupe asubuhi, mchana na jioni, ingawa mwanga unabadilika. Ubongo ndio unaorekebisha. Kamera hujaribu kufanya hivyo kwa kukisia rangi ya mwanga. Picha ikijaa jani tupu, au ukiipiga chini ya turubai la bluu, kamera inaweza kukisia vibaya na jani likatoka na rangi isiyo yake.

Programu za kutambua magonjwa nazo hukutana na shida. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na taasisi ya utafiti ya IITA, ilifundishwa kwa picha za majani ya muhogo, nyingine zikiwa zimepigwa mashambani hapa Tanzania. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa ikitumika kwenye simu shambani, dalili kali iliziona vizuri kuliko dalili changa. Na dalili changa ndizo mkulima anataka kuziwahi.

Mkimpa kijana kazi

Mbeya na Iringa wapo vijana wanaotengeneza programu za simu bila kuajiriwa, wakilipwa kwa kila kazi. Vyuo kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) vinafundisha kompyuta. Lakini kujua kompyuta pekee hakutoshi. Anayetengeneza programu ya picha ajue pia jicho linavyoona. AMCOS au kikundi chenu kikimpa mtu kazi hiyo, muulizeni kabla ya kulipa:

- Je, programu imejaribiwa shambani, juani, kwa simu za bei nafuu?
- Je, hatari na usalama vinaonyeshwa kwa rangi nyekundu na kijani tu? Baadhi ya watu, hasa wanaume, hawazitofautishi vizuri rangi hizo. Ziwepo pia alama au maneno.
- Je, programu husema pale isipokuwa na uhakika?

Ukipiga picha ya jani

- Piga mchana kwenye kivuli cha wazi, si chini ya turubai la rangi.
- Weka karatasi nyeupe kando ya jani. Bwana shamba ataona kama rangi imepotoka.
- Piga picha mbili: jani kwa karibu, na mmea mzima.
- Kwenye WhatsApp, tuma picha kama faili, isipunguzwe ubora.
- Unapotazama picha, zima hali ya usiku inayofanya kioo kiwe na rangi ya njano.
- Andika pia unachokiona kwa macho: ni jani la juu au la chini, na dalili zilianza lini.

Maelezo hayo ya maneno yana uzito sawa na picha. Kabla ya kununua mbolea au dawa kwa sababu ya picha tu, mwombe bwana shamba afike aone shamba lenyewe.