Akibadilika Manyoya, Bado Mtampenda?

Mbwa wa miezi miwili hana haja ya kutafuta mapenzi. Kila mgeni anataka kumpakata, na simu zenu zote mbili zimejaa picha zake. Subiri afikishe miezi minne hadi sita. Yale manyoya laini kama pamba yanaanza kunyonyoka, mgongoni panatokea mabaka ya rangi nyingine, miguu mirefu, masikio hayajui yasimame au yalale. Kochi limejaa nywele, na suruali nyeusi ya kazini ndiyo basi tena. Hapo kasheshe linaanza. Aliyekuwa "mtoto wetu" anageuka kuwa "huyo mbwa wako"!

Huku Kasulu na Kibondo jambo hili lina uzito wake. Vijana wengi tumeletwa na kazi: walimu, manesi, watu wa halmashauri, na wale waliokuja na mashirika ya kuhudumia wakimbizi. Ukiwa mbali na kwenu, mbwa anakuwa ndugu. Lakini nimeona mara nyingi mkataba ukiisha, godoro na friji vinapakiwa kwenye gari, mbwa anabaki getini. Na anayeachwa kirahisi ni yule ambaye watu walishaacha kumgusa.

Mwilini kunatokea nini?

Mbwa mdogo huzaliwa na koti la utoto. Akikua, linapishana na koti la ukubwani. Kwa mbwa wenye manyoya ya tabaka mbili, kama German Shepherd na machotara wake, la ndani ni fupi na zito, la nje ni refu na gumu kidogo. Zoezi zima linaweza kuchukua mpaka mwaka mmoja na nusu. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, hana makuu. Kitambaa kibichi na brashi laini vinamtosha.

Kunyonyoka kwa kawaida hakuachi ngozi wazi. Ukiona kipara cha mviringo, magamba, wekundu, au anajikuna usiku kucha, huo ni ugonjwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Dakika kumi za wawili

Saluni ya mbwa huku sijaiona, na wala huihitaji. Mimi na mwenzangu tuna jike, chotara wa German Shepherd. Kila jioni mmoja anamshika na kumbembeleza, mwingine anapitisha brashi, kesho tunabadilishana. Anzeni mgongoni, halafu nyuma ya masikio, kwapani, mapajani na mkiani, kwa kufuata manyoya yanakolalia. Fundo lifungueni kwa vidole kabla ya kumwogesha, maana maji hulikaza.

Kuoga, mara moja kwa mwezi inatosha. Sabuni ya kufulia inakausha ngozi yake, tafuta shampuu ya mbwa. Kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Mei mvua zinapiga huku, hivyo mkausheni hadi ndani. Juni hadi Septemba ni vumbi jekundu, basi brashi ifanye kazi zaidi kuliko maji.

Na jamani, msimnyoe eti asisikie joto! Lile koti la tabaka mbili linamkinga na jua pia, na likinyolewa linaweza kuota vibaya. Tena huku milimani, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai hata ninyi mnalala na blanketi mbili.

Brashi ndiyo macho yako

Mkono unaopita kwenye manyoya kila siku ndio unaogundua kupe masikioni, viroboto kiunoni na funza katikati ya vidole. Kupe anaweza kumwachia mbwa ugonjwa wa damu unaoua. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumpasua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe msimmwagie kwa kukisia. Ikizidi inamuua mtoto wa mbwa. Mwulizeni afisa mifugo.

Msisahau chakula. Manyoya yanajengwa kwa protini, kwa hiyo ugali mtupu utawapa mbwa mwenye manyoya makavu yasiyong'aa. Ongezeni dagaa wa Kigoma wasio na chumvi, mtaona.

Faida nyingine: mbwa aliyezoea kushikwa hasumbui siku ya sindano ya kichaa cha mbwa. Anaanza akiwa na miezi mitatu, kisha anarudia kadiri daktari atakavyowaambia. Msipuuzie, maana takriban asilimia 99 ya vifo vya watu kwa ugonjwa huo hutokana na mbwa.

Kabla hamjamchukua

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inampa mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Lakini kabla ya sheria, kaeni chini wawili mjibizane. Akiwa na mwaka mmoja, mkubwa, ananyonyoka kochi zima, nani atashika brashi? Mkataba ukiisha, ataondoka na nani? Mkikosa jibu, nendeni mkapige picha na mbwa wa jirani, kisha mrudi zenu nyumbani. Hakuna atakayeumia.