Vitabu vya Mapishi vya Ajabu, na Bokoboko Lililoondoka na Mpishi Wake

Sanduku lililetwa katika ofisi ya kamati siku ya Ijumaa, baada ya swala. Lilitoka kwa familia ya muumini mwenzetu aliyefanya kazi Marekani kwa miaka mingi na ambaye sasa, Alhamdulillah, amerejea nyumbani. Tulikuwa tumetangaza kwamba maktaba ya madrasa inahitaji vitabu, na tulitarajia kukuta tafsiri za Qur'ani, vitabu vya fiqhi, pengine na kamusi. Tulipolifungua tulikuta vitabu vya mapishi.

Wala havikuwa vya mapishi ya kawaida. Kimoja kilikuwa cha dubu wa hadithi za watoto, mlafi wa asali. Kingine kilikuwa cha filamu za vita vya angani, na ndani yake vikaragosi vya wahusika vimepangwa kando ya sahani za vyakula. Kingine kikubwa kiliandikwa na mwigizaji wa sinema za kutisha. Mzee mmoja wa kamati alikichukua kile cha vita vya angani, akakigeuza mbele na nyuma, kisha akatuuliza kwa upole sisi tuliokuwa tukiandika orodha: "Wanangu, hivi navyo ni vya madrasa?"

Tulicheka, naye akacheka. Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki, na lilituchukua majuma matatu kulijibu.

Vitabu vyenyewe

Vitabu vya namna hii vina historia ndefu huko Marekani na Uingereza, na mara nyingi vilizaliwa kwa sababu za biashara. Mwaka 1897, katika mji mdogo wa LeRoy, jimbo la New York, ilianza kutengenezwa jeli ya unga iitwayo Jell-O. Watu hawakuijua, na kitu kisichojulikana hakinunuliwi. Wenye kampuni wakachapisha vijitabu vyenye picha za kupendeza, wakavigawa bure majumbani. Mama wa nyumba alijifunza kutoka humo kutengeneza jeli ya matunda, na baadaye hata jeli ya mboga na samaki, vyakula ambavyo wasomaji wa leo huvitazama wakashangaa vililiwaje.

Mwaka 1921 kampuni moja ya unga wa ngano ya Minneapolis ilipokea barua nyingi za akina mama waliouliza maswali ya upishi. Kampuni ikaona si vema barua hizo zijibiwe bila jina la mtu, ikabuni mwanamke na kumwita Betty Crocker. Mwanamke huyo hakuwahi kuwapo duniani, lakini alijibu barua, akasikika redioni, na mwaka 1950 kitabu chake kikubwa cha mapishi kikatoka. Mwaka 1957 kilifuata kitabu chake cha wavulana na wasichana, ambacho mapishi yake yalijaribiwa na watoto wenyewe kabla ya kuchapishwa.

Kisha vikaja vitabu vya watu mashuhuri na vya hadithi. Vincent Price, aliyewatisha watu katika majumba ya sinema, alitoa pamoja na mkewe Mary, mwaka 1965, kitabu cha mapishi waliyokusanya katika mikahawa ya nchi mbalimbali. Mwaka 1969 Virginia Ellison alitoa kitabu cha dubu Winnie-the-Pooh, na asali imejaa humo. Mwaka 1979 Barbara Walker alieleza vyakula vinavyotajwa katika hadithi za Laura Ingalls Wilder, yule aliyesimulia maisha ya walowezi wa Marekani. Humo umo mkate wa majira ya baridi kali ya mwaka 1880 na 1881, wakati theluji ilipozuia treni, na familia ikaishi kwa ngano iliyosagwa kwa kinu kidogo cha kahawa. Mwaka 1998 ndipo kilipotoka kile cha vita vya angani, chenye biskuti zilizopewa jina la jitu la manyoya na kinywaji cha ndimu chenye jina la mzee wa kijani kibichi.

Mtu mzima akivisoma upesi ataona ni mzaha. Biskuti ni biskuti, na ndimu ni ndimu. Lakini mtoto aliyekataa kuingia jikoni alipoitwa kuosha sufuria ataingia mwenyewe akiambiwa kwamba leo kunatengenezwa biskuti za lile jitu. Hiyo ndiyo siri ya vitabu hivi, nayo ndiyo inayowafanya watu wavihifadhi miaka mingi baada ya filamu zenyewe kusahauliwa. Vinaanza na kitu anachokipenda mtoto, kisha vinamshika mkono hadi kwenye unga na mayai.

Pingamizi la mzee wetu

Mzee wetu hakuridhika, na hoja zake hazikuwa nyepesi. Alisema kwamba vitabu hivi vimeandikwa na watu wasioangalia halali na haramu. Walowezi wa Wilder walitegemea sana nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Kitabu cha Price kina mvinyo katika mapishi mengi. Jeli hutengenezwa kwa gelatini, nayo hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe. Akauliza: je, tumpe mtoto wa madrasa kitabu kama hiki, kisha tumwambie achague mwenyewe?

Baadhi yetu tulikubaliana naye, na ikapendekezwa sanduku lirudishwe. Kabla ya kulirudisha tukaona ni wajibu wetu kulikagua kurasa kwa kurasa, ili tusimrudishie mwenzetu sadaka yake bila sababu iliyo wazi. Ndipo tulipoona maandishi ya penseli.

Mama wa nyumba ile alikuwa amevisoma vitabu vyote akiwa na penseli mkononi. Penye nyama ya nguruwe alikata mstari, akaandika "ng'ombe" au "bata mzinga". Penye mvinyo aliandika "maji ya zabibu na siki kidogo". Katika kijitabu cha jeli aliandika juu kabisa: "gelatini ya samaki tu". Kando ya biskuti za jitu la manyoya paliandikwa kwa mwandiko wa mtoto, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili, kwamba zimepikwa Iddi mosi na zimeisha kabla ya adhuhuri. Kurasa zilikuwa na madoa ya samli. Vitabu vile vilikuwa vimeishi katika nyumba ya Kiislamu kwa miaka, na havikuwa vimeitoa nyumba hiyo katika dini yake. Mama ndiye aliyevifundisha vitabu adabu.

Mzee wetu alivaa miwani, akasoma maandishi hayo kimya kwa muda mrefu. Mwisho akasema: "Huyu alifanya kazi ya mwalimu."

Jambo hili si geni kwetu

Tulipokuwa tukijadiliana, ustadhi wetu alitukumbusha jambo ambalo wengi wetu tulikuwa tumelisahau. Vitabu vya mapishi vinavyochanganya chakula, hadithi na watu mashuhuri havikuanzia Marekani. Katika karne ya 10 Miladia, Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya jijini Baghdad kitabu cha mapishi ya makhalifa na wakubwa wa zama zao, chenye mapishi zaidi ya 600, na katikati yake akatia mashairi na visa. Mengi aliyachukua kwa Ibrahim bin al-Mahdi, ndugu yake Khalifa Harun al-Rashid, mwana wa mfalme aliyekuwa mshairi na mpenzi mkubwa wa upishi.

Mwaka 623 Hijria, sawa na 1226 Miladia, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu chake. Humo mna chakula kiitwacho ibrahimiyya, kwa jina la Ibrahim huyo huyo, na buraniyya, chakula cha biringanya na nyama kilichopewa jina la Buran, mke wa Khalifa al-Ma'mun. Basi kukipa chakula jina la mtu ambaye watu wote wanamjua, ili kipate kupendwa, ni jambo walilolifanya Waislamu wa Baghdad karne nyingi kabla ya sinema kubuniwa.

Na kuna linalotugusa zaidi. Katika vitabu hivyo vyote viwili imo sambusa, ikiitwa sanbusaj. Imo pia harisa: nyama na ngano vilivyopikwa kwa saa nyingi na kupondwa hadi vikawa kitu kimoja, na al-Baghdadi anaelekeza kunyunyizia bizari nyembamba na mdalasini. Msomaji wa pwani atakuwa ameshakitambua chakula hicho. Ni bokoboko.

Bokoboko letu

Msikiti wetu ulikuwa na bibi aliyepika bokoboko la maulidi na la Iddi kwa zaidi ya miaka thelathini. Alianza jioni, akakesha na moto wa kuni, na alfajiri sufuria kubwa ilikuwa tayari, samli ikielea juu. Watu walitoka mitaa ya mbali kwa ajili ya sahani moja. Akiulizwa vipimo alijibu, "Ngano kiasi, nyama kiasi, na uangalie mkono wako." Alifariki miaka minne iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu hapo msikiti wetu haujapata bokoboko lile. Tumepata mengine, na tunashukuru, lakini kila anayelikumbuka la bibi anajua kwamba si lile.

Katika kitabu cha vyakula vya walowezi, kwenye ukurasa wa mkate wa ngano iliyosagwa kwa kinu cha kahawa, tulikuta mstari mmoja wa penseli: "Nimuulize mama kipimo cha bokoboko."

Mama aliyeandika mstari huo ni binti wa bibi yetu.

Tulimwendea kwa heshima na kitabu mkononi. Alikitazama, akanyamaza kidogo, kisha akatueleza. Aliandika mstari ule zamani, watoto wake walipokuwa wadogo. Kila alipopiga simu nyumbani palikuwa na jambo kubwa zaidi la kuzungumza: ugonjwa, ada za shule, msiba, harusi. Bokoboko lingeweza kusubiri. Likasubiri hadi hapakuwa na wa kuulizwa. "Mapishi ya watu nisiowajua ninayo sanduku zima," alisema, "na ya mama yangu sina hata ukurasa."

Maneno hayo yalimaliza mjadala wetu. Mwaka 1896 Fannie Farmer wa Boston alichapisha kitabu kilichowazoesha Wamarekani kupima kwa kikombe na kijiko vilivyosawazishwa, na tangu hapo mapishi ya bibi yeyote aliyeandika yaliweza kumfikia mjukuu asiyemjua. Mama zetu walipima kwa macho, na kipimo chao kilikuwa sahihi kuliko kikombe. Upungufu wake ni mmoja tu: macho hayarithiwi.

Tulichoamua

Kamati imeamua vitabu vibaki. Havikuwekwa kwenye rafu ya watoto, bali katika kabati la walimu, navyo husomwa darasani pamoja na mwalimu. Maandishi ya penseli hatukuyafuta, kwa sababu tunaona ndiyo somo lenyewe. Mtoto anapoona "nguruwe" limekatwa na "ng'ombe" limeandikwa juu yake, anajifunza fiqhi ya vyakula kwa namna ambayo ubao peke yake hauwezi kumfundisha. Tulikumbushana pia kwamba Mtume (S.A.W.) hakumfukuza kijana Umar bin Abi Salama mkono wake ulipokuwa ukizunguka kila upande wa sinia. Alimfundisha pale pale penye chakula: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake.

Jambo la pili ni daftari. Kila mwanafunzi wa darasa la juu, mvulana na msichana, amepewa kazi ya kukaa na bibi, shangazi au jirani mmoja anapopika, akiwa na kikombe, kijiko na mizani ya jikoni. Kila bibi anapochota "kiasi", mtoto apime kabla hakijaingia sufuriani, aandike. Aandike na kisa pia: chakula hiki hupikwa lini, nani alimfundisha, na kwa nini kinaitwa hivyo. Wavulana walilalamika kwamba jikoni si mahali pao. Ustadhi akawaeleza alivyosimulia Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake kazi. Malalamiko yakaisha.

Hadi sasa tumepata mapishi kumi na saba, yakiwemo ya visheti, mkate wa kumimina, kaimati na kashata za nazi. Mtoto mmoja amechora picha kando ya kila pishi, na visheti vyake vina macho na miguu. Tulisita kidogo, kisha tukaviacha.

Bokoboko bado. Binti wa bibi na akina mama wawili waliokuwa wakimsaidia wamelijaribu mara mbili kwa kumbukumbu. La kwanza lilikuwa zito mno. La pili, alisema mzee wetu baada ya kulionja, liko karibu, ila halijafika. Safari hii vipimo vya yote mawili vimeandikwa, na kabla ya Iddi watalijaribu la tatu.

Tunawaomba wasomaji wetu jambo dogo. Ikiwa mama yako yu hai na anapika kitu ambacho hujaona mwingine akipika vile, usisubiri simu isiyo na jambo kubwa. Nenda leo na kikombe na penseli.