Dawa Zinazobomoa Ukuta (3): Kwa Nini Saa za Kumeza ni Muhimu

Wiki iliyopita tuliona jinsi Alexander Fleming alivyogundua mwaka 1928, katika Hospitali ya St Mary's jijini London, kwamba kuvu fulani huua bakteria. Leo tumtazame bakteria mwenyewe.

Bakteria wengi huishi ndani ya ukuta mgumu uliofumwa mithili ya jamvi: nyuzi ndefu za sukari zilizofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya protini. Maji husukuma kuingia ndani wakati wote, na bila ukuta huo bakteria hupasuka. Anapokua ili agawanyike, hana budi kuufumua hapa na pale na kuufunga upya. Kazi ya kufunga hufanywa na vimeng'enya maalumu, na penisilini, dawa iliyotokana na ugunduzi wa Fleming, huvinasa vimeng'enya hivyo kwa pete yake ndogo ya atomu nne, iitwayo beta-laktamu. Kufumua kunaendelea, kufunga kumekoma. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo sababu dawa haizigusi. Virusi navyo havina, kwa hiyo mafua hayaponi kwa amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, hata umeze kopo zima.

Natamani kila anayetumia dawa hizi alielewe jambo moja: penisilini humuua bakteria aliye katika kujenga. Kinachohitajika ni dawa kukaa mwilini muda wa kutosha kwa kiwango cha kutosha, na kumeza vidonge viwili asubuhi hakufidii kile kilichorukwa usiku. Figo nazo huitoa upesi mno. Mwaka 1941, huko Oxford, askari polisi Albert Alexander alidungwa penisilini iliyotengenezwa na kundi la mwanasayansi Howard Florey. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba waliitoa tena kwenye mkojo wake, wakaisafisha na kumdunga upya. Alianza kupata nafuu. Kisha dawa ikaisha, maambukizi yakarudi, akafariki.

Kwa sababu hiyo amoksilini mara nyingi huandikwa kila baada ya saa nane. Sindano ya benzathini penisilini imetengenezwa kwa njia nyingine: huyeyuka polepole ndani ya msuli kwa wiki kadhaa. Inauma, lakini ina faida kubwa. Bakteria wa kaswende hugawanyika taratibu, mara moja kwa zaidi ya siku nzima, na dawa inayotoka mwilini kwa saa chache isingemkuta akijenga. Mjamzito mwenye kaswende hutibiwa kwa penisilini ili kumkinga mtoto tumboni. Mtoto ambaye vali za moyo wake zimeharibiwa na homa ya rumatiki hudungwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili bakteria wa koo wasiichochee tena homa hiyo. Kuruka mwezi mmoja ni kuacha mlango wazi.

Bakteria nao wana silaha. Mwaka 1940, kabla dawa haijaenea, wanasayansi Edward Abraham na Ernst Chain walieleza kimeng'enya cha bakteria kinachoiharibu penisilini. Tunajua sasa kuwa huikata ile pete. Ndiyo maana baadhi ya vidonge vya amoksilini huchanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo hukinasa kimeng'enya hicho na kuiacha amoksilini ifanye kazi yake.

Wiki ijayo: mzio wa penisilini, na kwa nini wengi walioambiwa wanao hawana.