Kabla hujapendezesha meno, uliza yanakutana vipi

Jino langu la mbele lilivunjika mara ya kwanza nikila mabuyu. Nilikuwa kwenye matatu natoka Likoni kurudi Ukunda, pakiti mkononi, nikabana kokwa moja kidogo kwa meno ya mbele. Nikasikia “ka!” Nikadhani ni kokwa. Kumbe ni pesa zangu ndizo zilikuwa zinazunguka mdomoni.

Ngoja nieleze. Mimi nina mwanya. Nikiwa mdogo sikuuona kama shida, maana huku kwetu Pwani mtu mwenye mwanya husifiwa, hata asipoombwa acheke atachekeshwa. Lakini kazi yangu ni kupiga watu picha ufuoni Diani, na ukishinda siku nzima ukitazama meno ya watu kwenye skrini, unaanza kuyatazama na yako. Chuo niliacha mwaka wa pili. Pesa kidogo iliyokuwa ya semesta ambayo sikurudi, nikaipeleka kwa meno. Bibi yangu wa Msambweni alinitazama tu, akaniuliza, “Mjukuu wangu, huo mwanya umekukosea nini?”

Nilikowekewa sitapataja. Waliniziba mwanya kwa kompositi, ile dawa laini ya rangi ya jino ambayo daktari huifinyanga kisha huigandisha kwa taa ya buluu. Saa moja hivi, imeisha. Nilitoka nikijiona msanii. Miezi minne baadaye ndiyo yale mabuyu. Nikarudi, nikalipa, nikarekebishiwa, nikaambiwa niache kula vitu vigumu.

Mara ya pili niliamka asubuhi kipande kiko juu ya ulimi. Usiku nilikuwa nimekula viazi karai, na viazi karai havijawahi kumvunja mtu jino. Hapo ndipo nilianza kushuku kwamba labda shida si chakula.

Daktari mwingine, mama mmoja ng'ambo ya feri, hakuanza na lile jino lililovunjika kabisa. Alinitilia karatasi nyembamba ya buluu kati ya meno. “Uma. Sasa sugua kushoto. Sugua kulia.” Kisha akanipa kioo. Alama za buluu zilikuwa zimejaa kwenye ncha za yale meno mawili ya mbele, palepale kompositi ilipokuwa. Kila nikimeza mate, kila nikilala na kusaga meno, meno ya chini yalikuwa yanagonga pale. “Ungewekewa hata kaure,” akaniambia, “ingevunjika tu, au ingelila jino la chini.”

Mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kufikiria kwamba meno yana mpangilio wa kukutana. Kwa kawaida meno ya mbele ya juu hukaa nje kidogo ya yale ya chini na kuyafunika kwa milimita mbili au tatu hivi, kama mfuniko wa sufuria unavyopita ukingo. Ukifunga mdomo, uzito unachukuliwa na magego. Ukisogeza taya kando, chonge ndizo zinazoteleza na kuyatenganisha mengine yasikwaruzane. Yangu mimi yanakutana ncha kwa ncha. Kuna wengine ambao ya juu yamefunika ya chini kabisa, na wengine ambao ya chini yamepita mbele. Mmarekani Edward Angle alizipanga hali hizi kwa makundi mwaka 1899, akitazama gego la kwanza la juu linakaaje juu ya lile la chini, na madaktari bado wanatumia makundi yake.

Na nguvu yenyewe si ya mchezo. Magego ya mtu mzima yanaweza kubana kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 50. Ukilala na kusaga meno, hakuna hata chakula katikati cha kupunguza kishindo. Sasa wewe weka kitu cha urembo njiani mwa nguvu hiyo uone.

Kuna kisa nakipenda kuhusu mwanzo wa vinia, zile ganda nyembamba zinazobandikwa mbele ya jino. Miaka ya 1920 daktari wa California aitwaye Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji wa Hollywood meno ya kupendeza ya kubandika kwa muda. Yalikuwa ya kamera. Kamera ikizimwa, mtu anayabandua, ndipo anakwenda kula. Yaani babu wa vinia hakukusudiwa kutafunia chochote. Kilichobadilisha mambo ni Michael Buonocore, ambaye mwaka 1955 alionyesha kwamba ukipaka asidi juu ya enameli, lile gamba gumu la nje la jino, inakwaruzika kidogo na gundi inashika barabara. Vinia za kaure za kudumu zilikuja kushamiri miaka ya 1980. Kwa hiyo leo zinashika kweli, lakini kushika ni jambo moja na kuhimili mapigo ni jingine.

Halafu kuna enameli yenyewe. Ili vinia ikae vizuri, mara nyingi daktari hukwangua kama nusu milimita ya jino. Inaonekana kidogo, ila enameli ikiondoka haioti tena milele. Na kama jino limetokeza nje au limepinda, kulinyoosha kwa vinia maana yake ni kulikata zaidi mpaka liingie mstari. Wale vijana wa Uingereza wanaopanda ndege hadi Uturuki na kurudi na meno meupe kama vigae vya bafu, wengi hawakuwekewa vinia hata kidogo. Meno yao yalichongwa kote yakabaki vijiti, yakavikwa mataji. Mtu ana miaka 22 na hayo mataji yatahitaji kubadilishwa tena na tena maisha yake yote. Mimi hapo naogopa, samahani.

Vyuma vinafanya kazi tofauti kabisa. Havifichi jino, vinalihamisha. Waya unasukuma polepole. Mfupa wa upande unaosukumwa unayeyuka kidogo, na upande linakotoka unajengeka upya. Ndiyo maana inachukua mwaka na nusu hadi miwili, na ndiyo maana ukivitoa unapewa riteina ya kuvaa, kwa sababu meno yana kumbukumbu, yanataka kurudi kwao.

Watu wengi hudhani lazima uchague: vyuma au urembo. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe kazi nzuri hutokea pande mbili zikizungumza mapema. Mwenzangu mmoja wa mapokezi hotelini ana jino moja la pembeni dogo kama punje ya mchele. Alitaka lijazwe lilingane na wenzake. Akaambiwa nafasi ya kulijaza haipo sawa, upande mmoja limebanwa, upande wa pili limeachwa wazi. Kwa hiyo daktari wa urembo alichonga kwanza kwa nta, juu ya mfano wa plasta wa meno yake, vile jino litakavyokuwa mwisho. Daktari wa vyuma akafuata mfano ule, akaacha nafasi kila upande kwa kipimo. Mwishoni kompositi iliingia bila kukwangua jino hata chembe.

Mwingine kwao ni Naivasha, ana yale madoa ya kahawia yanayoletwa na floridi nyingi kwenye maji ya Bonde la Ufa. Alishaamua: vinia kumi juu. Lakini meno yake ya juu yamefunika ya chini kabisa, na ya chini yanagonga kwa nyuma. Alishauriwa anyooshwe kwanza, halafu madoa yasuguliwe kitaalamu yaonekane yanatoka kiasi gani, ndipo vinia zihesabiwe. Aliudhika. Yuko kwenye vyuma sasa, na tumbo linamuuma kila akikumbuka alikuwa tayari kukopa kwa simu.

Mpangilio nilioelezwa ni huu: mashimo na ufizi hutibiwa kwanza, kisha meno yananyooshwa, kisha yanang'arishwa, halafu unasubiri kama wiki mbili, ndipo kujazwa au kubandikwa. Kung'arisha kunatangulia kwa kuwa kompositi na kaure hazibadiliki rangi. Ukianza na kujaza halafu ung'arishe, utakuwa na meno ya rangi mbili kama bendera. Na zile wiki mbili ni za kuacha dawa ya kung'arisha iondoke ndani ya jino, isije ikazuia gundi kushika.

Kuhusu makaa na ndimu za TikTok sitapoteza muda: makaa yanakwangua, ndimu inayeyusha. Mswaki wa mti wa wazee wetu una heshima kuliko hivyo. Lakini kuhusu vile vyuma vya fasheni vinavyouzwa mtandaoni vya kujibandikia nyumbani, tafadhali sana. Waya usio na mpango unasukuma jino popote, hata nje ya mfupa. Baraza linalosajili madaktari wa meno Kenya ni KMPDC, na orodha yake iko mtandaoni. Andika jina la anayetaka kukugusa mdomo, dakika moja tu, kabla hujatuma M-Pesa.

Yule daktari alikuwa na swali jingine ambalo kule kwa kwanza hawakuniuliza: mwanya wako ulianza lini? Kumbe mwanya una sababu. Wengine wamerithi, wengine wana ule ukano wa mdomo wa juu ulioshuka mpaka katikati ya meno, wengine wana ulimi unaosukuma mbele kila wakimeza. Na mtu mzima ambaye hakuwa na mwanya halafu ukaanza kufunguka, huyo awahi hospitali, maana mara nyingi ni ufizi na mfupa vinaachia. Kwa kuangalia na kung'oa, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko hapo Msambweni. Kwa vyuma, wengi wetu bado tunavuka feri.

Wangu ni wa kurithi. Bibi anao, ingawa amebakiwa na meno machache ya kuushikilia.

Sasa niko mwezi wa tisa na vyuma, juu na chini, nalipa kwa awamu. Ile kompositi ilikwanguliwa yote. Wakati wa kupanga, daktari alinionyesha mfano wa nta mara mbili: mmoja mwanya umefungwa, mwingine umebaki mwembamba. Nikampiga picha ule wa pili, nikampelekea Bibi. Alishika simu mbali na macho, akaigeuza, akacheka.

“Hapo sasa umerudi nyumbani,” akasema.

Jumanne navuka tena kubadilisha waya. Mabuyu bado nakula, ila siku hizi nafyonza tu, kokwa natema kwenye karatasi.