Kwa Nini Ziwa Huchafuka Usiku?

Watoto wetu wa shule huuliza maswali magumu. Wale wanaokaa kando ya Ziwa Victoria huuliza hivi: "Baba, mbona huku nyumbani mvua nyingi hunyesha jioni, lakini kule ziwani hunyesha usiku?" Usimfukuze mtoto. Mjibu.

Mpeleke ufukweni saa nane mchana, bila viatu. Mchanga unachoma, lakini maji ni ya baridi. Mpeleke tena alfajiri. Mchanga umepoa, lakini maji bado yana uvuguvugu. Hapo atajua kwamba nchi kavu hupata joto upesi na hupoa upesi. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole.

Sasa mweleze habari za hewa. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda juu kama moshi wa jikoni. Hewa ya baridi huja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo. Kwa hiyo mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, hutoka nchi kavu kwenda ziwani.

Na mvua je? Funua sufuria ya maji yanayochemka, tazama mfuniko. Una matone. Huo ni mvuke uliopoa. Ziwa halichemki, lakini jua hugeuza maji yake kuwa mvuke kidogo kidogo, kama nguo inavyokauka kambani. Na ziwa hili ni kubwa, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Usiku pepo kutoka pande za Tanzania, Kenya na Uganda hukutana juu ya maji. Hewa yenye mvuke hupanda juu sana, hupoa, na kufanya mawingu marefu. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku hadi asubuhi, saa zile zile wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao.

Basi somo hili si la watoto peke yao. Wewe mvuvi, kabla ya kusukuma mtumbwi sikiliza redioni utabiri wa hali ya hewa. Vaa jaketi la kuokolea. Ukiona wingu limesimama kama mlima na radi inamulika, usiseme, "Ngoja nivute wavu mara moja tu." Rudi nchi kavu. Dagaa watakuwepo kesho. Na wewe uwepo.